Ngombe Nne za Adrien Zenye Hazina Mwenyewe

*Bunia, Mudzipela, tarehe 2 mars 2025*

Séphora, mutoto wa kaka yangu,

Nakusalimia na mikono mbili. Hapa tuko, tunapumua, tunakula. Mvula imeanza mbele ya wakati wake, imeangusha ukuta wa choo, lakini hakuna mutu alikuwa ndani, Mungu ni mwema. Tonton yako Josias, bwana yangu, anakusalimia akiwa amelala juu ya tumbo, mugongo wake umeanza tena. Anatembea sawa mutu mwenye anatafuta sindano chini. Ku chorale ya kanisa wamenipa solo ya Pasaka. Watu wengine wamenuna, naona kwa namna wananishikia mulango.

Barua hii nampa Falone, yule wa kuuzisha vitenge, juu ya vile anapanda Kampala karibu kila mwezi. Sitaki kuandika mu groupe WhatsApp ya famille. Kule ukisema tu umekohoa, Dorothée wa Kpandroma anaanza kukuimbia nyimbo za mazishi. Kuna mambo ya watu wawili.

Sasa sikiliza. Samedi yenye ilipita, familia ya Adrien ilikuya kwetu. Adrien, yule soudeur wa kuchomelea vyuma karibu na soko, mwenye alitengeneza mulango wa kanisa, mwenye hasemake mingi. Wazee wake walikuya na viatu vya kupakaa mafuta, na mbele yao ngombe nne. Nne, Séphora! Rangi ya kahawa, shingo nzito, macho ya upole. Wakasema wamekuya juu yako, kukuposa. Siye tukasema: mwenye mambo iko Kampala, lazima tumuulize. Wakajibu muzuri, ngombe zinajua kungoja.

Basi tumezipokea kama wageni. Hatukusema ndiyo, hatukusema hapana. Ziko kwa malisho ya tonton yako, njia ya Bogoro, karibu na mto. Ukikubali, zinakuwa zetu. Ukikataa, zinarudi vile zilikuya: nne, zenye kunona, kila moja na mukia wake.

Jibu neno moja tu. Hata karatasi ndogo inatosha.

Shida ni nzi. Pale karibu na mto kuna nzi zenye kuuma sawa zimetumwa. Ngombe hazikuli, zinapiga miguu chini muchana muzima, zinakonda. Zikikondea kwetu, nitaonyesha wazee wale uso gani?

Tante yako,
Léontine

*Kampala, tarehe 24 mars 2025*

Tante mupenzi,

Falone alifika salama, na barua yako, na samaki zako za kukausha. Alizifunga pamoja, kwa hiyo nilisoma barua yako yote nikisikia njaa. Aksanti sana. Pole kwa choo. Pole zaidi kwa tonton. Niko na afya. Naanza kusikia Luganda, na sasa wauzaji wananiibia kidogo tu, kama wenyeji.

Kazi iko muzuri kupita vile nilikuambia. Unajua ku atelier yetu tunatengeneza miguu na mikono ya watu wenye walipoteza yao. Mbele, mutu alingoja mpaka anachoka. Sasa tuko na mashini, wanaiita imprimante, yaani printa, lakini haiandike kwa karatasi. Inayeyusha plastiki inakuwa nyembamba kama uzi, inaiweka mustari juu ya mustari, sawa mutu anajenga ukuta na matofali madogo sana, mpaka unaona mukono unatokea. Chef, mukubwa wetu wa kazi, amenipa mashini moja, niichunge peke yangu. Nimeiita Maman Présidente, juu ukiigombeza inazimika.

Kila vendredi chef anatusomea mambo mapya yenye watu wa recherche, wale wa utafiti, wamevumbua. Anasema mutu wa kutengeneza miili hawezi kulala dunia ikiamka. Nakuandikia mbili.

Ya kwanza ni ya tonton. Waganga fulani wa hospitali walikamata wagonjwa wa mugongo, wakawapa vidonge bila dawa ndani. Hawakuwadanganya, waliwaambia wazi: hii haina kitu. Wagonjwa wakameza kila siku, na wengi wakasikia nafuu! Wanasema mutu akihangaikiwa, mwili unakumbuka kazi yake.

Ya pili ni ya ngombe. Kule Japani walikamata ngombe nyeusi, wakazipakaa mistari nyeupe kama punda milia. Nzi zenye kuuma zikapunguka karibu nusu. Inaonekana nzi ikifika karibu, mistari inavuruga macho yake, haijui tena itue fasi gani. Tulicheka sana ku atelier, lakini walihesabu kweli, nzi kwa nzi.

Wasalimie wote. Imba solo yako bila kuangalia watu wa kununa.

Kuhusu Adrien: salimia ngombe.

Séphora

*Bunia, tarehe 27 avril 2025*

Séphora,

Yesu amefufuka, na sauti yangu pia. Solo ilipita vizuri, abbé, padri wetu mwenyewe, alifunga macho. Watu wanasema alikuwa na usingizi, lakini hao ni wale wa kununa. Ukuta wa choo umesimama tena, umeinama kidogo kuelekea kwa jirani. Aksanti kwa habari ya mashini yako. Nauliza: inaweza kutengeneza kizibo cha thermos? Cha yangu kilipotea tangu Noeli, na chai inapoa mbele sijaketi.

Nilisalimia ngombe. Zinauliza jibu liko wapi.

Sasa mambo ya recherche. Nimefanya yote mbili.

Kwa tonton yako nilitengeneza vidonge vya unga wa muhogo, nikavikausha juani. Nikamwambia wazi, kama vile uliandika: "Josias, hii haina kitu." Akaniangalia. "Haina kitu kabisa?" "Kabisa." Akameza. Siku ya tatu nilimukuta amesimama wima kwa mulango, anaangalia barabara sawa mutu mwenye alirudi kutoka safari. Sasa anaficha vingine mu mufuko. Jana aliniomba niongeze dose. Nikamwambia, lakini ni muhogo tu, weye mwenyewe unaona muhogo. Akajibu: "Ndiyo, lakini huu wa bure uko na nguvu."

Kisha ngombe. Séphora, nilikamata chokaa, nikachanganya na mayi, na mufagio. Tonton akashika pembe, miye nikapakaa. Migongo, shingo, mbavu, mistari mistari. Chokaa ikaisha tukiwa hatujafika chini. Basi miguu na matako tukapakaa ile rangi nyeupe ya mafuta yenye ilibakia kwa madirisha. Ile inashika kweli, hata vidole vyangu vingali nayo, niliimba Pasaka nimeficha mikono.

Watu wakakuya kuangalia. Mama moja alipiga magoti. Mwingine akauliza kama ni ugonjwa. Lakini sikia: nzi zikapunguka! Zinakuya mbio, zinafika pale, zinazunguka zunguka sawa mutu mwenye amesahau nyumba yake, zinaenda. Ngombe zinakula. Zinanona. Moja imeanza kutoa maziwa vizuri.

Adrien alipita. Alisimama kando ya barabara, akaangalia ngombe zake muda murefu. Nikangoja aseme kitu. Akasema, "Mmm." Akaenda.

Jibu, mutoto.

Léontine

*Kampala, tarehe 12 mai 2025*

Tante,

Salamu kwako, kwa tonton, kwa mugongo wake mupya. Miye niko muzuri. Mvula hapa inafunga barabara, nilienda kazini viatu mu mukono.

Tante! Nilikuandikia habari, sikukuandikia amri! Chokaa inachoma ngozi ya ngombe, na rangi ya mafuta inaweza kulambwa, ngombe ikaugua. Wale wa Japani walichagua rangi yao, na ngombe zilikuwa zao. Hizi zako ni za watu! Ninyi wenyewe mulisema zirudi vile zilikuya. Sasa nikisema hapana, mutarudisha nini? Acha kupakaa. Hata kidogo. Usafishe yenye kusafishika.

Kwa tonton hakuna shida, muhogo haujaua mutu. Chef alituambia hata jambo lingine: wale wenye walipewa dawa ya bure yenye kuuma kidogo, walisikia nafuu zaidi kuliko wenye walipewa isiyouma. Mutu akisikia inawasha, anafikiri inafanya kazi. Hii pia ni habari tu.

Nimekutumia kizibo cha thermos. Maman Présidente alikitengeneza mara mbili, juu mara ya kwanza aliamua kutengeneza kofia. Rangi ya machungwa, nyingine hatukuwa nayo.

Unaniuliza jibu. Tante, unajua hapa Kampala kuna ndege kubwa sana, mbaya, zinasimama juu ya takataka kama wazee wa baraza? Siku moja nitakuandikia juu yao.

Séphora

*Bunia, tarehe 25 mai 2025*

Séphora,

Salamu. Kizibo kimefika, ni kizuri, hakiingii. Kinaingia kwa chupa ya mafuta ya nazi, basi nimekiacha pale. Tonton yako mugongo umepona. Nilitia pilipili kidogo kwa muhogo, habari tu kama vile unasemaka, na alikimbia mpaka kwa jirani kutafuta mayi. Alikimbia wima. Miaka sijamuona hivi.

Sasa keti.

Barua yako ilichelewa, Falone alikwama Mahagi juu ya njia. Mbele ifike, mvula ilinyesha, ile ya kulala nayo na kuamka nayo. Asubui chokaa yote ilikuwa imeenda mu mto. Migongo ikarudi kahawa, shingo kahawa, safi kabisa. Ni miguu tu na matako njo zilibakia na mistari nyeupe, ile ya rangi ya mafuta.

Unaona ile nyama ya pori, Séphora? Mwili wa kahawa, mistari kwa matako na kwa miguu. Unaijua. Kila mutu wa Ituri anaijua, ile ya msitu yenye serikali inakataza kugusa.

Kulikuwa na ukungu. Mutu moja wa pikipiki alipita njia ya Bogoro, akapiga picha, akaiweka mu telefone: "OKAPI NNE NDANI YA BUNIA." Mbele ya muchana picha ilifika Kpandroma, ilifika Iga Barrière, watu wakakuya na watoto juu ya mabega. Wengine walileta majani, wakasema okapi hazikulake nyasi za kawaida. Ngombe zikakula majani, zikakula nyasi, zikakula kofia ya mutu moja.

Nyuma ya siku mbili wakakuya agents wa kuchunga nyama za pori. Watatu, na chef wao, kijana wa mbali, anasema Kifaransa cha shule. Okapi aliionaka tu kwa kalendari. Nikamwambia: "Chef, hizi ni ngombe." Akasema: "Mama, kila mwenye anaiba okapi anasemaka ni ngombe." Nikamwambia aangalie pembe. Akaangalia, akasema labda ni okapi dume. Tonton yako akakaa chini ya dume hiyo, akakamua, akamupa maziwa mu kikombe. Chef akakunywa yote. Akapangusa midomo. Akasema: "Maziwa ni tamu." Na akaandika: okapi nne.

Basi agent moja mwenye umri, mutu wa Mambasa, kule kwenye okapi zinaishi, akamuvuta kando, akamunong'oneza. Nafikiri alimwambia ukweli. Lakini chef alikuwa amekwisha kuandika, na watu wanaangalia, hangeweza kufuta. Akageuza swali: "Sawa. Hizi nyama, zozote ziwe, ni za nani?"

Tonton yako akajibu kweli, unamujua: "Si zetu. Ni za familia ya Adrien."

Wakaenda kumuita Adrien. Akafika na miwani ya soudure juu ya kichwa. Chef: "Ni zako?" Adrien akafikiri. Akasema: "Nilizitoa."

"Ulimupa nani?"

"Siye," nikasema, "lakini hatujazikubali."

"Kwa nini?"

"Tunangoja mutu moja iko Kampala. Hajajibu."

Chef akafunga kalamu yake. Ile furaha yenye ilikuwa juu ya uso wake, Séphora, sitaisahau. Akasema: "Mwenye kuzitoa si zake. Mwenye kuzipokea si zake. Nyama yenye haina mwenyewe ni ya État, ya serikali."

Kama si Adrien kusimama kati ya barabara, wangezikamata siku ile ile. Alisimama tu, mikono wazi, mpaka chef akachoka. Sasa tumepewa muda. Ngombe ziko chini ya ulinzi, hakuna kuzihamisha, hakuna kuziosha. Kila samedi chef anakuya kuangalia kama bado ziko, na kila samedi anakunywa kikombe. Anataka karatasi yenye imeandikwa na mukono wako, yenye inasema wazi ngombe ni za nani. Mwisho ni mwisho wa juin.

Sijui kama ni haya ao ni hasira nasikia. Familia ya Adrien walitupatia heshima yao yote juu ya miguu kumi na sita, na miye niliipakaa rangi ya madirisha. Siendi tena chorale. Andika ndiyo, mutoto. Andika hapana kama ni hapana. Lakini andika.

Léontine

*Kampala, tarehe 8 juin 2025*

Tante yangu,

Salamu, na unisamehe kicheko. Picha nilikuwa nimeiona. Kijana wa atelier alituonyesha, "Angalieni, okapi Bunia!" Nikaangalia, na nyuma ya okapi nikaona suruali ya tonton, ile yenye kiraka cha kijani. Nikaketi chini. Nilicheka mpaka chef akazima mashini, kisha nikalia, na hakuna mutu alijua ni wapi kicheko kiliishia.

Rudi chorale. Makosa si yako peke yako. Miye njo nilikuwa naandika juu ya nzi ili nisiandike juu ya mutu.

Sasa nakuambia. Watu wengi wa Adrien walikuya kuniposa, na miye sikuweko. Abbé anajua, soko inajua, ngombe zilijua mbele yangu. Adrien mwenyewe alinitumia message moja ya sauti, mu février. Niliifungua mbio. Dakika nne, tante. Mutu anapumua. Mbuzi inapita. Anapumua tena. Kwa mwisho anasema: "Basi. Ni vile tu." Niliisikiliza mara nyingi kuliko nitakuambia, na mpaka leo sijui ni vile nini.

Na chef wangu anataka nibakie miaka mbili. Anataka nijifunze mikono ya watoto. Ya mutu mukubwa unatengeneza mara moja. Ya mutoto, mutoto anakomaa, mukono unakuwa mudogo, lazima mutu abakie, apime tena, atengeneze tena. Kuna kasichana kamoja hapa kanashika kijiko kwa mara ya kwanza na mukono wenye ulitoka kwa Maman Présidente. Kalijimwangia uji wote juu, na mama yake akapiga makofi. Nikiolewa, naacha hii? Wazee wa viatu vya mafuta waliuliza? Weye uliuliza? Mulitaka neno moja tu.

Sijasema simupendi. Soma tena barua zangu zote, sijasema.

Karatasi ya chef wa agents iko ndani. Nimeandika hivi:

"Miye Séphora, mwenye wanangojea, nasema: nyama zile nne ni ngombe. Ni za Adrien. Zinabakia zake mpaka aniulize yeye mwenyewe, na kinywa chake."

Ni hiyo tu. Sitaandika ndiyo juu ngombe imefanana na okapi.

Séphora

*Bunia, tarehe 22 juin 2025*

Séphora, mutoto wa kaka yangu,

Salamu fupi, juu mwenye kubeba barua hii iko na haraka, na kwa mutu kama yeye haraka ni kitu cha ajabu.

Karatasi yako ilifika. Tuliisoma miye na tonton yako mbele ya kufungua barua, tukafika kwa "ni za Adrien," tukaacha pale. Tukajua umekataa. Tonton yako hakukula. Alirudi kuinama, na vidonge vya muhogo vilishindwa. Miye nililia mu kanga, kisha nikaoga, nikavaa, nikaenda kupeleka karatasi kwa Adrien, juu haya ikingoja inaoza.

Nilimukuta ku atelier yake, anachomelea kitanda. Nikamwambia: "Mwanangu, pole. Ngombe zako zinarudi." Akatoa miwani. Akasoma. Akasoma tena. Akaenda mulangoni kwa mwangaza, akasoma mara nyingine. Kisha akageuka, na Séphora, sikujua kama ule kijana iko na meno mazuri vile.

"Tante," akasema, "hapa wameandika *mpaka*."

Nikamuuliza mpaka gani. Akaweka kidole juu ya neno. "Zinabakia zake *mpaka*. Mutu mwenye anakataa haandikake mpaka."

Alikwenda yeye mwenyewe kwa chef wa agents. Chef akasoma karatasi, akaangalia ngombe, akafuta "okapi" akaandika "ngombe", na akaomba kikombe cha mwisho. Kisha Adrien akafunga atelier, akaosha mikono, na akazunguka zunguka kwangu karibu saa nzima akijaribu kuniuliza kitu. Ilitoka kwa mwisho: alitaka kujua mutu anavaa nini akienda Kampala.

Falone haendi mwezi huu. Kwa hiyo mwenye kusimama mbele yako sasa na barua hii mu mukono ni yeye. Usimuambie nimekuandikia juu ya meno.

Barua yako niliisoma nyuma, na ni kweli, nilikosa kukuuliza mambo ya kazi yako. Nilifikiri nauliza juu ya maisha yako, kumbe nilikuwa nauliza juu ya ngombe. Sema yenye moyo wako unasema. Jibu lolote, chakula chako kiko hapa.

Léontine

*Kampala, tarehe 6 juillet 2025*

Tante yangu, weye na tonton,

Nawasalimia na furaha. Mugongo uko je? Chorale je? Mutanijibu na barua ndefu.

Alifika lundi, kazi ikiwa moto. Umeme wa mji ulikuwa umekatika, wamewasha groupe électrogène, mashini ya kutoa umeme, ile kubwa yenye iko nyuma ya dirisha letu, na inapiga kelele hata mawazo yako huyasikii. Nikageuka, nikamuona kwa mulango. Suruali ya Pasaka, viatu vya vumbi. Akaninyooshea barua yako. Nikaisoma yote mbele yake, yeye amesimama. Nilipofika kwa meno nikamuangalia. Akacheka, juu niliangalia. Ni kweli, tante.

Kisha akafungua kinywa, akasema kitu. Sikusikia. Nikapiga mukono kwa sikio. Akasema tena, nikaona midomo tu. Nikamupigia kelele: "SEMA NA NGUVU!" Akavuta hewa, sijaonaka mutu anavuta hewa vile, na pale pale umeme ukarudi na groupe ikazimika. Atelier yote ikanyamaza. Na katika ule ukimya, Adrien mwenye hasemake mingi, na sauti ya kuita mutu kutoka ngambo ya mto:

"UNAKUBALI TUOANE NA KAZI YAKO UISHIKE, MIYE NITAKUYA HAPA?"

Mafundi wote. Wagonjwa wote kwa benchi. Chef na kikombe chake hewani. Mzee moja mwenye alingoja mguu aliuliza kwa Luganda huyu anasema nini, na mutu akamutafsiria, na mzee akasema wampe kiti.

Wakampa kiti. Akaketi, mashikio mekundu. Nikamuuliza, polepole sasa, alijua aje mambo ya kazi. Akasema hakujua. Alifikiri tu: mutu mwenye aliacha Bunia peke yake juu ya kujifunza mashini, hakuiacha bure. Akasema njiani kote alikuwa anarudilia ile sentensi, Mahagi mpaka Kampala, na mutu wa kando yake mu bus aliisikia mpaka akaanza kumusahihisha. Akasema vyuma vya kuchomelea viko hata hapa, na chef wangu, mwenye alikuwa anasikiliza bila haya, akasema viko, na magoti ya chuma yanangoja mutu wa kuyachomelea tangu janvier.

Miaka mbili hapa, kisha tutaona. Kasichana ka uji kamekubali awe rafiki yake, kanamupiga na mukono wa plastiki na yeye anaanguka kila mara.

Nilimujibu pale pale juu ya kile kiti. Yeye alisikia wa kwanza, ni haki yake. Weye uko wa pili, tante, na hakuna wa tatu mpaka umalize kusoma.

Nimesema ndiyo.

Mutoto wenu,
Séphora